Alipinga, Akapinga, Wakapinga

Niliporudishiwa zile kurasa, kila “alipinga” lilikuwa limezungushiwa duara la kalamu nyekundu. Nilihesabu maduara 19. Chini ya ukurasa wa mwisho mhariri alikuwa ameandika swali moja tu: “Hawa wote walifanya kitu kimoja?”

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kufasiri kwa malipo, na nilikuwa nimeshajiona fundi. Kumbukumbu za mkutano, kurasa 12, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mkutano wenyewe ulikuwa ule wa vurugu za kistaarabu, watu wanakatana maneno huku wakiitana waheshimiwa. Nikarudi kwenye matini ya Kiingereza kutafuta utetezi, nikakuta aibu. Mjumbe wa kwanza “opposed”. Wa pili “objected”. Wa tatu “protested”. Mweka hazina “denied”, mwanasheria “refuted”, makamu mwenyekiti “dissented”, na mama mmoja mzee ambaye hakuwa amesema neno mkutano mzima “demurred”. Mimi nilikuwa nimewavika wote kanzu moja.

Kamusi hainilaumu. Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwenye lolote kati ya hayo, “pinga” halitakuwa mbali. Lakini swali la mhariri lilinikaa kichwani, na miaka yote tangu siku ile nimekuwa nikiyakusanya maneno haya kama mtu anayekusanya funguo. Nilichogundua ni kwamba Kiingereza kinapotaja upinzani, mara nyingi kinataja mwili: mkono ulifanya nini, mguu ulisimama wapi, mdomo ulitoa nini, moyo ulikwenda upande gani. Ukijua kiungo, umeshalijua neno nusu.

“Oppose” ndilo pacha halisi wa “pinga”. Asili yake ni Kilatini, kuweka kitu mbele ya kingine ili kukizuia. Na “pinga” letu lilikuwa la mlangoni kabla ya kuwa la mkutanoni. Ndugu zake ni kipingo kinachokaza mlango na pingamizi linalokaa njiani. Anayepinga amelaza gogo barabarani. Anaweza kunyamaza kimya, gogo linamsemea. Ndiyo maana Kiingereza husema mtu “is opposed to” jambo fulani, yaani huo ni msimamo wake, alikuwa nao jana na kesho utamkuta nao, hata kama leo hajafungua mdomo.

“Object” nalo ni la mkono, ila mkono huu haulazi, unarusha. Katika Kilatini ni kutupa kitu mbele ya mtu. Kwa hiyo lina wakati wake maalumu: mazungumzo yanaendelea, mara kitu kinatua katikati ya meza. Mahakamani wakili anasimama, anarusha neno hilo moja, na jaji inabidi aamue papo hapo. Sisi tunasema kuweka pingamizi, na likishindwa tunasema mahakama imelitupilia mbali. Limeingia kwa kutupwa, limetoka kwa kutupwa. Sijui kama aliyetunga msemo huo alijua anachekesha.

Tena “object” linadai sababu. Uingereza ilipoanza kuandikisha wanaume jeshini kwa sheria mwaka 1916, waliokataa vita kwa ajili ya dhamira zao waliitwa “conscientious objectors”, na walipelekwa mbele ya mabaraza maalumu waeleze dhamira hizo zinasema nini. Wengi waliishia gerezani hata hivyo. Lakini jina lenyewe liliwatambua kuwa ni watu wenye hoja, na hoja husikilizwa kabla ya kukataliwa.

Linganisha na “resist”, ambalo ni la miguu. Ni kusimama imara usukumwe usisogee. Neno hili halijali una maoni gani. Ukuta una “resist” maji, waya una “resist” umeme, vimelea vina “resist” dawa hadi vikawa sugu. Kimelea hakiwezi kuweka pingamizi. Hakina hoja, kina ugumu tu. Kwa hiyo nikikuta kijiji kime-“resist” jambo, sikimbilii “kupinga”. Huenda hawakupinga chochote, hawakuandika barua wala kuitisha mkutano. Hawakusogea, basi. “Waligoma”, “walikinza”, “walistahimili”, “walishupaa”: kila moja lina siku yake. Na yule aliyeshindwa ku-“resist” kipande cha pili cha keki hakushindwa kupinga, alishindwa kujizuia.

Sasa kuna neno dogo ambalo hakuna mtu analihesabu kwenye orodha ya upinzani, nalo ndilo lililonistaajabisha kuliko yote: “with”. Kila mtoto anajifunza kwamba maana yake ni “pamoja na”. Lakini katika Kiingereza cha kale “with” lilikuwa “dhidi ya”. Kazi ya “pamoja na” ilifanywa na neno jingine, “mid”, ndugu wa “mit” la Kijerumani. Kisha “with” likamla “mid” likamaliza, na aliyebaki amejificha ndani ya “midwife”, mkunga, yaani mwanamke aliye pamoja na mzazi. Ile maana ya kale nayo haikufa kabisa. Iko ndani ya “withstand”, kusimama dhidi ya kitu. Iko pia kwenye “fight with”, na ndiyo sababu sentensi kama “he fought with the French” humwacha msomaji akijiuliza kama Wafaransa walikuwa maadui zake au wenzake.

Nilipolijua hilo niliona kama Kiingereza kimevuliwa nguo, hadi nilipojitazama mwenyewe. “Nilipigana na ndugu yangu.” Je, tulikuwa upande mmoja au tulitoana meno? “Na” yetu inafanya kazi ileile. Tunakula na mtu, tunacheka na mtu, tunagombana na mtu, tunashindana na mtu. Tunapotaka kuondoa utata tunaongeza “pamoja” upande mmoja, au tunaazima “dhidi” kutoka Kiarabu upande mwingine. Lugha mbili ambazo hazina undugu zimefika mahali pamoja, kwamba huwezi kupigana na mtu aliye mbali nawe.

Na hapa Kiswahili kina chombo ambacho Kiingereza kingetamani kuwa nacho. Ongeza “-ana” mwishoni mwa kitenzi na upinzani unapata watu wawili: bishana, gombana, kinzana, hitilafiana, pingana. Kupinga naweza peke yangu. Kupingana nahitaji mwenzangu anipinge pia. Kiingereza kinasema “they oppose each other”, maneno manne marefu kama treni, au kinaacha tu usomaji uamue. Kumbukumbu zangu za mkutano zilikuwa na sehemu ambapo wajumbe wawili “disagreed”. Nilikuwa nimeandika “walipinga”. Walimpinga nani? Hawakumpinga mtu. Walitofautiana, wao kwa wao, na huenda baada ya hapo walikunywa chai pamoja.

“Protest” lina historia inayopinda. Ndani yake kuna Kilatini cha kushuhudia, na “pro” ya mbele inaashiria hadharani. Kwa hiyo ku-“protest” mwanzoni hakukuwa kupinga, kulikuwa kuapa mbele ya watu. Ndiyo maana hadi leo mshitakiwa “protests his innocence”. Mfasiri mvivu ataandika kwamba mshitakiwa anapinga kutokuwa na hatia kwake, na hapo ameshamfunga mtu wa watu. Anachofanya mshitakiwa ni kushikilia kwa kiapo kwamba hana hatia. Shakespeare analitumia hivyo katika Hamlet, pale malkia anapomtazama mhusika wa kike katika mchezo ulio ndani ya mchezo akiapa kwamba mumewe akifa hataolewa tena, naye anasema bibi huyo “doth protest too much”. Siku hizi watu wanalitaja neno hilo wakimaanisha mtu anayekana sana hadi anashukiwa. Malkia alikuwa anasema: viapo vimezidi.

Daraja kati ya maana hizo mbili unaliona mjini Speyer, Ujerumani, mwaka 1529. Wakuu 6 na miji huru 14 waliokuwa upande wa Luther walizidiwa kura barazani, wakatoa tamko rasmi kwamba dhamiri zao haziwaruhusu kuufuata uamuzi ule. Walishuhudia imani yao na wakakataa agizo kwa pumzi ileile. Jina la Waprotestanti limetoka hapo. Tangu siku hizo neno limeendelea kuteleza kuelekea upande wa kukataa, na Wamarekani wamelisukuma hadi mwisho: Mwingereza “protests against” vita, Mmarekani anasema tu “protests” vita, bila kihusishi. Mtu aliyezoea maana ya kale akisoma hivyo anaweza kudhani Wamarekani wanaviapia vita utii.

Kiungo cha “protest”, basi, ni mdomo mbele ya hadhira. Hakuna “protest” ya chumbani. Ukilalamika peke yako usiku kitandani hujafanya “protest”, umenung'unika. Tunapolifasiri kwa “kuandamana” tunapata miguu na mabango lakini tunapoteza kiapo. Na kuna “protest” za kiserikali zinazofanywa na balozi aliyevaa suti, kwa barua, bila kelele. Huko naandika “alitoa malalamiko rasmi” na roho inatulia.

Kisha kuna “dissent”, na hili naomba nikae nalo kidogo, kwa sababu ndilo nililolikosea vibaya zaidi. Maana yake ya ndani ni kuhisi kando. Ni neno la moyo. Na linadai kitu ambacho mengine hayadai, kwamba uwe mmoja wa kundi. Mtu wa nje hawezi ku-“dissent”. Uingereza Waprotestanti walioabudu nje ya Kanisa la Anglikana waliitwa “Dissenters”. Waislamu hawakuitwa hivyo, kwa kuwa hawakuwa wa nyumba hiyo. Kihusishi chake ni “from”, kana kwamba mtu amejitoa hatua moja kutoka kwa wenzake na kusimama hapo, bado anaonekana.

Mahakama Kuu ya Marekani ndiyo imelipa heshima kubwa. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, majaji 7 walisema ni halali kuwatenga weusi na weupe kwenye mabehewa ya treni. John Marshall Harlan peke yake alikataa kuungana nao, na akaandika sababu zake kwa kirefu. Hazikubadilisha kitu siku ile. Mwaka 1954 mahakama hiyohiyo, majaji wote 9 kwa sauti moja, ilikataa ubaguzi wa namna hiyo mashuleni, na yule aliyekuwa peke yake akaonekana kuwa ndiye aliyeona mbali. Kwa hiyo “dissent” halimaanishi kuzuia. Anayefanya hivyo anajua ameshashindwa, kura zimehesabiwa. Anachofanya ni kuweka moyo wake kwenye kumbukumbu.

Kuna hata daraja za adabu humo. Desturi ni jaji kumaliza kwa “I respectfully dissent”, yaani kwa heshima siungani nanyi. Katika kesi ya uchaguzi ya mwaka 2000, Bush dhidi ya Gore, jaji Ruth Bader Ginsburg alimaliza kwa “I dissent” tupu, na waliozoea kusoma hukumu walielewa kwamba kukosekana kwa lile neno moja kulikuwa kofi.

Makamu mwenyekiti wangu, basi, hakupinga. Uamuzi ulikuwa umepita. Niliandika upya: “Hakuungana na wenzake, akaomba iandikwe hivyo.” Ni maneno mengi kwa neno moja, najua.

Waingereza wana kipaji cha kumpa mpinzani kiti. Mwaka 1826 mbunge John Hobhouse alitania bungeni kwa kuwaita walio nje ya serikali “His Majesty's Opposition”, upinzani wa Mfalme. Watu walicheka, utani ukaota mizizi, na tangu mwaka 1937 kiongozi wa upinzani analipwa mshahara kwa mujibu wa sheria ili apinge. Hapo “opposition” limeacha kuwa gogo barabarani, limekuwa ajira.

Kwenye “deny” na “refute” mimi ni mkali, na sitaomba radhi. Ku-“deny” ni kusema si kweli. Ku-“refute” ni kuonyesha si kweli. La kwanza linahitaji mdomo, la pili linahitaji ushahidi. Mwanasiasa anayesema “I refute these allegations” kisha akaingia kwenye gari hajafanya hivyo; amekanusha tu na kujitunuku ushindi. Matumizi hayo yameenea kiasi kwamba kamusi nyingi zimeshayaandika, nami nayakataa bado. Kwetu tofauti iko wazi: aliyekana amekana, aliyepangua hoja amepangua hoja. Nikikuta “refute” kwenye matini, natafuta ushahidi kwenye sentensi zinazofuata. Nikiukosa, naandika “alikanusha”, hata kama Kiingereza kimejisifu. “Rebut” liko katikati: umejibu mapigo, iwapo umeshinda au la ni habari nyingine.

Na “deny” lina mkono wa pili uliofichwa. Petro alimkana Yesu mara tatu, hiyo ni “deny”. Mtu aliyeomba dhamana akanyimwa, hiyo pia ni “deny”. Kukana na kunyima, Kiingereza kimeviweka kwenye kapu moja, kwa hiyo wakati mwingine sisi ndio wenye maneno mengi.

Hivyo hivyo kwa vile viunganishi vidogo. “But” ni lakini, bali, na ila. Asili yake ya kale ni “nje ya”, ndiyo maana “all but one” ni wote ila mmoja. Kiswahili, kikiwa kimeyachukua yote matatu kutoka Kiarabu, kimeyagawia kazi. “Ni mgonjwa lakini si mvivu” inaongeza. “Si mvivu bali ni mgonjwa” inafuta jambo moja na kuweka jingine mahali pake. Mwingereza anasema “but” kote na kutegemea sauti. Upande mwingine, yeye ana “on the contrary” na “on the other hand”, na wanaojifunza wanayachanganya kila siku. La kwanza linaua kilichosemwa. Ukiniuliza kama nimechoka nikajibu “on the contrary”, nimesema: wapi! La pili linaacha kilichosemwa kiendelee kuishi na kuweka kingine pembeni yake. “Kinyume chake” tunalitumia kwa yote mawili, na ndipo msomaji anapopotea.

Kuhusu “despite”, yaani “licha ya”, nitasema tu kwamba lilianza kama dharau, na ukilisikiliza vizuri bado lina pua iliyoinuliwa.

Adabu ya Kiingereza inageuza mambo. Wakili wa Kiingereza akianza na “with respect”, jua anaona umekosea. Akisema “with great respect”, umekosea sana. Akifika “with the greatest respect”, kusanya karatasi zako. Heshima inapanda kadiri kosa linavyokuwa kubwa. Sisi tuna “hewala haigombi”, na sote tunamjua mtu anayesema hewala huku akiwa ameshaamua kufanya lake.

Neno letu ninalolipenda kuliko yote, ambalo sijalipatia Kiingereza chake, ni “bisha”. Mtu anabisha hodi, anabisha hoja, na mabaharia wanabisha chombo, yaani wanakipeleka dhidi ya upepo kwa kukikata huku na huku, upande huu kisha upande ule. “Argue” halina upepo huo. Mbishi mzuri haendi moja kwa moja. Anakuja kwa kushoto, anarudi kwa kulia, na mwisho unashangaa amefika. Kiswahili pia kinapenda kuuliza unayempinga ni nani. Ukimkatalia mwenzako wewe ni mbishi, ukimkatalia mkubwa wako wewe ni mkaidi, ukimkatalia mtawala umeasi. Kitendo huenda ni kimoja, ngazi ndiyo imebadilika. “Defy” linakaribia ukaidi, kwa kuwa asili yake ni kuvunja uaminifu kwa bwana wako, lakini Mwingereza hulitumia kwa kusifu, na sisi tunajua mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi.

Nilirekebisha maduara 18. Likabaki lile la yule mama. “Demur” linatoka kwenye kukawia. Ni kupinga kwa kuchelewa kukubali. Nilijaribu “alisita”, nikaona limemfanya mwoga. Nilijaribu “alipinga kidogo”, nikacheka mwenyewe. Mwishowe nikampigia mhariri simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu na kumsomea sentensi kwa Kiswahili: “Mama alipinga kidogo.”

Simu ilinyamaza. Nilidhani imekatika.

“Mmh,” akasema.

Nikachukua kalamu, nikaandika: “Mama aliguna.”

“Haya, soma tena,” akasema.